Njegere Zako Zimeota Ndama

Shoga yangu Kokugonza,

Njegere zako zimeota. Hazikuota Nyakatuntu, nyuma ya jiko lako. Zimeota huku Ndama, uani kwa binamu ya mume wangu Salimu, mahali ambapo wewe hukuwahi kufika. Leo asubuhi nimekuta zimeupasua udongo, vichwa vimejikunja kama watu wanaochungulia mlangoni kwa hofu. Nikafurahi. Kisha furaha ikaniishia palepale, maana sikuwa na wa kumwita aje aone.

Ndiyo maana nakuandikia. Najua hukujua kusoma. Ulikuwa ukiutazama mwandiko wangu ukisema ni kuku aliyekanyaga majivu. Lakini leo nikinyamaza nitapasuka.

Unakumbuka mbegu za kwanza ulizonipa? Salimu alikuwa amenitoa Pangani juzijuzi, sijui baridi ya huku wala lugha yenu. Ukaniambia hizi ni obushaza, nami nikadhani ni mbaazi za kwetu, nikachimba mashimo mapana nikingoja miti. Tena nilizipanda kule bondeni, penye maji, zikaoza zote. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Njegere si mpunga, shoga! Zikilala majini zinakufa." Kisha ukanishika mkono ukanipeleka kwenye bustani yako, ukanionyesha: udongo mwepesi wenye samadi ya zamani, mbegu iingie kina cha pingili moja ya kidole, majivu yazunguke ili konokono wasipite, na vijiti visimikwe mapema, kabla mche haujaanza kutapatapa ukitafuta pa kushika. Hapo ndipo nilipopata ndugu katika nchi hii.

Sasa nikueleze yaliyotokea tangu tukuzike.

Ile homa ilipokuchukua, njegere zilikuwa zinatoa maua. Tulikulaza kibanjani, kwenye migomba, karibu kabisa na bustani yako. Mama yako akahamishia mkeka wake hapo, akawa anashinda baina ya kaburi na njegere, hataki mtu aguse chochote. Mwanao Kemi nilimchukua mimi, kama ulivyoniomba. Meno ya mbele yamemtoka, na anapocheka nakuona wewe, basi mara nyingine namgeuzia uso.

Kwanza walikuja watu wa mkungu wetu, yule mkuu wa kijiji, wakataka ndizi na maharage ya kupeleka boma. Tukatoa. Wakarudi, wakataka mbuzi. Tukatoa. Mara ya tatu hawakutaka chakula. Walisimama tu milangoni wakitazama mabega ya wanaume.

Tukaambiwa Mdachi na Mwingereza wamegombana huko kwao Ulaya, na kwamba mto wetu, Kagera, ndio mpaka wa ugomvi wao. Mimi sikuelewa. Mto ule wewe ulikuwa ukiuvuka kwenda kumwona shangazi yako! Salimu akatakiwa aende na wapagazi, kwa sababu anajua Kiswahili na lugha yenu pia. Alifunga kilemba chake taratibu, kama mtu anayekwenda msikitini. "Nitarudi kabla chumvi ya dukani kwetu haijaisha," akaniambia. Chumvi imekwisha, shoga yangu. Hata magunia nimeyakung'uta.

Baada ya hapo watu wakaanza kuondoka. Hakuna aliyeaga. Ungemsalimu jirani asubuhi, akakuitikia vizuri tu, na jioni ukakuta mlango wake umezibwa kwa miba na jiko limepoa. Ng'ambo ya mto moshi ukawa unapanda mahali pasipo na nyumba. Tukauzoea, na kule kuuzoea ndiko kulikonitisha zaidi.

Na katika hayo yote, njegere zako zilizaa kama hazijawahi kuzaa! Maganda yalijaa mpaka vijiti vikainama. Nilitaka kushukuru, lakini ulimi ulikuwa mzito. Watu walikuwa wanapungua, nazo zinazidi. Nilikuwa nikipita katikati ya mistari yake nasikia kama naangaliwa.

Siku moja mchana wakaingia askari, wachache, wamechoka, miguu imevimba. Waling'oa vijiti vya upande wa juu wakakokea moto, wakala njegere mbichi na maganda yake. Mama yako aliwatukana mpaka sauti ikakauka. Mmoja wao, kijana wa pwani kwa matamshi yake, alinivuta kando. "Dada, ondokeni hapa," akasema. "Sisi tutarudi wengi, na tukirudi hatutaomba."

Nikamwendea mama yako. Alikuwa mkekani pake, fimbo mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kuniondoa, rudi."

"Mama, si mimi tu, hata askari wenyewe wamesema."

"Nikiondoka, nani atamfukuza yule beberu?" Na kweli, beberu wa jirani alikuwa ameachwa akitangatanga, na mama yako amempa vita kubwa kuliko ile ya Mdachi. Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Mwaka ule ng'ombe walipokufa wote, nilikimbia. Nilikuwa na mimba ya huyu." Akaigusa ardhi iliyokufunika. "Tuliporudi hatukukuta hata mafiga. Mume wangu tulimwacha njiani, sijui alikozikwa. Huyu najua alipo. Sikimbii tena."

Nilimbembeleza, nikalia, nikamkasirikia. Nikamletea Kemi ampigie magoti. Alimpakata mjukuu wake, akamnusa kichwani, akamrudisha kwangu.

Njegere zilikuwa hazijakauka, na kuzisubiri tusingeweza. Basi tukazing'oa na mizizi yake, mama yako na mimi, tukazitundika darini juu ya jiko, vichwa chini, ili zimalizikie kukauka kwa joto la moto.  Kila nilipotoka nje nilitazama upande wa mto. Maganda yalipoanza kulia mkononi, tukayapukuchua. Alizigawa mbegu mwenyewe: fungu moja kwenye kibuyu chake, fungu kubwa zaidi akalifunga katika pindo la nguo ya Kemi. Nikasema, "Mama, umejipunja." Akasema, "Mimi nina bustani. Ninyi mna nini?"

Tukaondoka asubuhi. Kemi aligeuka nyuma mara nyingi, mimi niligeuka mara moja tu. Mama yako alikuwa ameinama, analima pale askari walipokoka moto. Hakuinua kichwa.

Hapa Ndama tumepokewa vizuri. Mke wa binamu ametupa kipembe cha ua, udongo mzuri, haushiki maji. Lakini na hapa wamekwisha kuja kutazama mabega ya wanaume.

Juma lililopita alifika mwanamke kutoka kwetu, yule fundi wa mikeka, amembeba mwanawe ubavuni. Akanieleza kwamba askari walirudi, wengi, kama tulivyoonywa. Wamepiga kambi kibanjani kwenu. Migomba wameikata wakatandika majani wayalalie. Nikamuuliza mama yako je. Akasema alimwona kwa macho yake, yu hai, amekaa palepale. Amekwisha kuzipanda njegere, amekuzungushia pande zote, na kila askari akikaribia anainua fimbo. Wanamwita kichaa, wanampisha.

Nilimshukuru Mungu. Kisha yule mwanamke akainamisha uso, akasema hayo aliyaona kabla ya mizinga. Siku aliyoondoka, mizinga ilianza kulia mtoni, na njiani alikuwa akiisikia nyuma yake hadi jua lilipozama. Tangu siku ile hajafika mtu mwingine kwa njia ile. Nakaa mlangoni naitazama. Wanapita wanaokwenda huko, wamebeba mizigo, wamefungwa kamba viunoni. Wanaotoka huko hakuna.

 Kemi humwagilia miche kwa kiganja, kisha huja kukaa kando yangu, naye huitazama njia.

Shoga yangu, ua limeanza kuingia kivuli na lazima nikasimike vijiti. Nakuaga kwa ahadi. Mwanao hatalala njaa nikiwa na mikono, wala hatakua bila kujua wewe ulikuwa nani. Na njegere hizi zikikauka, njia ifunguliwe isifunguliwe, nitamwacha kwa mke wa binamu nirudi Nyakatuntu. Nikimkuta mama yako yu hai, nitambeba mgongoni hata akinipiga fimbo njia nzima. Nikimkuta amelala kando yako, nitawapalilia wote wawili.

Lala salama, Kokugonza.

Mimi shoga yako,
Zuhura