Feni ya Mota ya Manowari

Jumatatu, 26 Juni 1972

Nimechoka. Mgongo, macho, mpaka kucha. Kutwa nzima kifudifudi napangusa mota ya winchi. Zee la vita hilo! Lilikuwa ndani ya manowari ya Waingereza, likinyanyua ndege zinazotua majini. Leo liko hapa Kurasini, linavuta boti za ushirika nchi kavu zikapakwe rangi. Mota kubwa namna ile haipoi yenyewe. Ina feni yake pembeni, inapuliza upepo kwenye bomba mpaka ndani ya nyaya. Na makelele yake! Mtu akisema nawe huoni ila midomo.

Jumatano, 28 Juni

Salumu, mwenyekiti wa kamati yetu ya wafanyakazi, kaja na jipya. Darasa la siasa liko bandani saa za kazi, watu hawasikii. Eti feni izimwe wakati wa darasa, mota iendelee kuvuta, lengo la mwezi lisirudi nyuma. Nikasema nyaya zitaungua. Akauliza, kwani feni ndiyo inayovuta boti? Watu wakacheka. Na mie nikacheka, sijui kwa nini.

Baada ya darasa niligusa mota. Nikautoa mkono mbio.

Jumamosi, 1 Julai

Darasa nusu saa leo. Harufu ya vanishi ya nyaya inayoungua — naijua hata usingizini. Nikawasha feni kabla hawajamaliza. Salumu akanivuta pembeni, kwa upole kabisa. Si mtu mbaya, ndiyo tabu yenyewe. Kasema, ndugu Adelard, mie nakuelewa, ila wenzako wanasema una kasumba, unaijali mashine ya mkoloni kuliko watu.

Kuliko watu! Mtu mwenyewe si Mwishehe? Ndiye anayetambaa chini ya boti inapopanda, anasogeza kabari. Breki ya winchi imelika, spea tumeagiza tangu mwaka jana. Mota ikifa njiani boti inarudi, na yeye yuko chini yake. Nikamweleza Mwishehe. Akacheka: "Mtani, siku ukinizika usilie sana, utawaaibisha Wangoni wenzio." Lione! Nampenda lile jitu, basi tu.

Jumanne, 4 Julai

Keshokutwa mgeni kutoka ofisi ya mkoa. Atahutubia huku boti zinapanda, aone kazi. Feni marufuku. Mke wangu Filomena kasema nyamaza, una watoto wanne. Nilitoka nje. Wala sikula.

Alhamisi, 6 Julai

Naandikia stoo, juu ya gunia la matambara.

Boti ya kwanza ilianza kupanda saa nne, mgeni kashika kipaza sauti. Robo saa, feni imezimwa. Halafu moshi — mwembamba, mweupe, hakuna aliyeuona ila mie. Mwishehe chini ya boti, miguu tu inaonekana. Nilimtazama Salumu. Akatikisa kichwa: hapana.

Nikawasha feni.

Hotuba ikamezwa yote! Mgeni akabaki anafungua mdomo na kufunga. Boti ikafika juu salama. Mwishehe akatoka anajipangusa matope, hajui lolote, ananiuliza mbona nimenuna.

Salumu akaninong'oneza nikae stoo mpaka niitwe. Bakari wa rangi ndiye atakayeshika swichi. Nikamwambia, feni, Bakari, usisahau feni. Hakunitazama. Salumu kafunga mlango kwa nje.

Nilidhani nitaogopa. Siogopi kitu, nimechoka tu. Kazi wanichukulie. Ningeweza kulala hapa hapa.

Makofi. Mgeni ameanza tena.

Na winchi nayo imeanza. Boti ya pili. Namsikia Mwishehe kule chini: "Vutaaa!"

Nimegonga mlango. Nimegonga tena, kwa nyundo. Wanapiga makofi.

Hotuba naisikia yote. Neno kwa neno.