Bibi Kwenye Filamu ya Nyota

Masasi, 10 Julai 1996

Mdogo wangu Cuthbert,

Picha ya Bibi imepotea. Imepotea juzi Jumatatu, tarehe 8, huko Mtwara, kwenye mkasi wa msafisha filamu, na jana nimeipokea vipande viwili. Nimetanguliza hilo ili salamu zisije zikalifunika. Sasa salamu: hatujambo, mwanangu Furaha amepona macho, mikorosho ya jirani imeanza kutoa maua. Wewe na Bibi mnaendeleaje na baridi ya huko juu?

Filamu ina picha thelathini na sita. Umepiga pimbi juu ya majabali, ngedere, bonde la Ruvuma kutoka ukingoni Newala. Nyingine ni nzuri, sikatai. Kisha ukapiga giza. Kumi na moja za giza, Cuthbert. Kwenye negativu usiku hutoka mweupe, sawa kabisa na nafasi iliyo kati ya picha na picha. Msafishaji akakosa mpaka, akakata kwa kukisia. Kila alipokata alikuwa amesogea, na alipofika kwa Bibi, ambaye ulimweka wa mwisho, mkasi ukapita katikati ya uso.

Kamera hiyo ya studio yangu niliinunua kwa fedha za maandazi, mwaka ule serikali ilipoanza kuturuhusu kufanya biashara bila kujificha. Tangu hapo, miaka sita, namwomba Bibi picha moja, naye ananiambia, "Karibu ule kwanza." Wewe unatoka Masasi kwa miguu, eti mapumziko (nani kakuambia kutembea ni mapumziko?), unaazima kamera yangu, na kwa wiki moja umempata. Ulimwambia nini? Nijibu hilo kwanza.

Vipande vya karatasi walivyosafisha nampa kondakta wa basi akuletee, negativu nabaki nayo. Usimwonyeshe Bibi.

Dada yako,
Oliva

Newala, 12 Julai 1996

Dada Oliva,

Shikamoo. Sisi wazima, ila ukungu wa asubuhi hautuachii nguo zikauke. Mpe Furaha pole, mwambie mjomba wake alikutana na pimbi wanaokaa juu ya jabali kama kamati.

Pole sana kwa picha. Sikujua usiku unaweza kumpoteza mtu mwenye mkasi.

Kuhusu mapumziko, hata watu wa Chiungutwa, kijiji cha njiani, hawakuelewa. Waliniuliza baiskeli imeharibikia wapi. Nikasema sina baiskeli, natembea tu. Wakanionea huruma, wakanipa muhogo.

Bibi sikumwambia kitu, Dada. Usiku mmoja anga lilikuwa jeupe kwa nyota. Nikapindua kinu chake uani, nikaweka kamera juu, nikaacha jicho lake wazi ili nyota zijichore zenyewe. Akatoka amejifunika kanga mbili.

"Unamngoja nani hapo?"

"Nyota, Bibi."

"Zitakulipa?"

"Hazilipi."

"Dada yako anajua?"

Nikainama kuirekebisha kamera. Akacheka mpaka akakohoa. Asubuhi nikamkuta amesimama mlangoni na kitenge ambacho sijawahi kukiona. Akasema, "Wewe unayepiga hata visivyolipa, nipige na mimi. Moja." Nikapiga. Ikawa ndiyo ya mwisho kwenye filamu, sikuipanga.

Nilimuuliza mbona wewe alikukatalia. Anasema ulimwambia utaitundika kwenye kioo cha studio, kwamba nembo za usoni mwake, zile chale alizochanjwa usichanani, zitavuta wateja. "Mama Furaha alitaka uso wangu ukakae dukani," anasema. "Mimi siuzi."

Ndivyo alivyosema, sijaongeza wala kupunguza.

Mdogo wako,
Cuthbert

Newala, 17 Julai 1996

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, nimeuliza makondakta wawili. Kama umekasirika, kasirika kwa barua.

Bibi ameviona vipande. Sikumwonyesha, alikuwa ananifulia shati, akavikuta mfukoni. Akavipanga juu ya mkeka, akavisogeza mpaka vikakutana. "Wamenikata penye mdomo," akasema. "Huenda nilizidi kusema."

Nikamwambia nitaazima tena kamera nimpige upya. Akaniuliza kamera ni ya nani. Nikasema ya Dada. Akasema, "Basi mbona namwona mjukuu mmoja tu?" Akaenda zake kutwanga.

Mimi narudi shuleni Lulindi Jumamosi ya tarehe 27, likizo inakwisha.

Mdogo wako,
Cuthbert

Masasi, 21 Julai 1996

Mdogo wangu Cuthbert,

Marahaba zote mbili. Sijakasirika, nilikuwa Mtwara. Nilifunga studio siku nne nikaenda mwenyewe na ile negativu. Wameiunga kwa gundi, wameisafisha mara tatu, na mara tatu umetoka mstari mdomoni kwa Bibi. Msafishaji akaniambia, "Mama, si anatambulika?" Nikamwambia mtu hapigi picha ili atambulike, nyumbani wanamtambua bila picha. Nikaondoka.

Sasa la Bibi. Nilisema nembo zake zitavuta watu, kweli nilisema. Nilikuwa namsifu, na mpaka leo sioni kosa. Uzuri ule mimi sijauona kwa mteja yeyote aliyekaa kwenye kiti changu. Lakini uso ni wake. Hataki kukaa dukani, basi hatakaa dukani. Nitapiga moja, nitaisafisha, yeye atabaki na picha na negativu yake, mimi nitarudi mikono mitupu. Mwambie hivyo, usirembe maneno.

Hayo maneno ya mjukuu mmoja tu nimeyasoma mpaka karatasi imelegea. Wewe uliyekuwepo ukaiona sura yake unaniandikia kwamba akaenda kutwanga. Kutwanga kunanisaidia nini? Ananiita, au ananisema? Nikija bila kuitwa atanikaribisha ugali kama kawaida, nami nitakula, nitarudi, na itakuwa miaka saba. Mtu wa umri wake haahirishwi.

Kwa hiyo muulize, leo hii ukipata barua, akiwa amekaa, na umtaje jina langu: anakubali nimpige mimi, Oliva, au hakubali? Sitaki "tutaona." Sitaki "Bibi anakusalimia." Basi la Alhamisi tarehe 25 linafika hapa saa kumi jioni, nami nitakuwa stendi nikingoja barua yako. Nataka neno moja tu kutoka kinywani mwake, ndiyo au hapana. Ni lipi?

Dada yako,
Oliva