Upande wa Wanaume Darasani

Baba Yohana, mume wangu,

Sijui barua hii naiandika kwenda wapi. Wenzako wawili waliorudi kutoka vitani kila mmoja ana lake: mmoja anasema mliachana Biharamulo, mwingine anaapa alikuona ng'ambo ya mto Kagera ukiwa mzima. Nimechoka kuwauliza. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, usidhani nimeandikiwa na mtu.

Unakumbuka ulivyokikataa kisomo? Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa hapa Kirushya, tukaambiwa kila mtu mzima asiyejua kusoma aende darasani alasiri. Wanawake tulikwenda. Nyinyi wanaume mlikuwa na sababu zenu: shamba la kijiji, mbuzi, pombe ya rubisi. Yako ilikuwa nzito kuliko zote. Mama yangu alikuwa darasani, na kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, wala mama mkwe hamtazami yeye. "Nitakaaje chumba kimoja naye, nikisoma a e i o u kama mtoto?" Nilicheka mpaka ukanuna.

Mama mwenyewe ndiye aliyemaliza ubishi. Alisuka mkeka mrefu wa mafunjo, akautundika katikati ya darasa, wanaume huku, wanawake kule, ubao mbele yetu sote. Ukakosa pa kujitetea, ukaja. Nilikupenda sana siku zile. Ulikuwa unasoma kwa sauti nzito, unakokota kila neno, na mama, kwa kuwa jina lako halitaji, anasema kutoka upande wetu, "Mwalimu, huyo anayenguruma ameruka herufi." Darasa zima linaangua kicheko. Jioni unanituma nimwambie apunguze.

Lakini upande ule mlikuwa wachache, mnahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kisha vita vikaanza. Malori yakawa yanapita barabarani yamefunikwa maturubai, na vijiji vya jirani vikaanza kupungukiwa wanaume. Ndipo neno likazuka kwenye kilabu cha rubisi: anayesoma hachukuliwi. Hakuna aliyejua limetoka kwa nani, na hakuna aliyeuliza. Wiki haikwisha upande wenu ukajaa. Wale waliokuwa wakitucheka sasa walikuwa wanafika kabla ya mwalimu, wamebanana magoti kwa magoti, wengine wamekaa madirishani. Mkisoma kwa pamoja, mkeka ulikuwa unatikisika. Hakuna aliyecheka tena, hata herufi ikirukwa.

Tukiwa njiani kurudi, mama alisema, "Wanaume wa kijiji kizima chini ya bati moja. Sipendi." Nilikufikishia. Ukanijibu, "Mama yako ana lipi la kwangu analolipenda?" Tukayaacha hapo.

Lori lilikuja tukiwa katikati ya somo. Hatukulisikia kwa sababu ya sauti zenu. Mwalimu alikuwa ameinua chaki, nikaona mkono wake umesimama hewani, na mlangoni kuna mgambo watatu na bwana mmoja mwenye kofia. Hakufoka. Alimsalimu mwalimu vizuri, akatazama juu ya mkeka, akatabasamu.

Mmoja wenu akasema haraka, "Bwana mkubwa, sisi ni wanafunzi."

"Ndiyo," akasema. "Hata sisi tunahitaji watu wanaojua kusoma."

Mlango ulikuwa upande wetu. Ikabidi mpite kati yetu mmoja mmoja, na kina mama wenye wakwe wakajifunika vitenge usoni kama heshima inavyotaka. Ulipita karibu kabisa na mama yangu, umeinama, umegeuzia uso ukutani kwa ajili yake, na kwa hiyo hata mimi hukuniona. Mpaka leo mama husema, "Ningejua, ningemtazama." Nami humwonea huruma, na nafsi yangu naionea huruma zaidi.

Sasa mkeka umeondolewa, hauna wa kumficha. Waliorudi hawakanyagi kisomo. Na woga umeshuka kwa watoto. Serikali imetangaza kila mtoto aandikishwe, lakini asubuhi wanaoelekea shuleni ni wasichana. Wavulana wakisikia injini tu, wanatawanyika migombani, na wazazi wao hawawaiti. Baba yako amemkatalia mwalimu waziwazi. "Huyu ndiye aliyebaki kwangu," alisema, amemshika Yohana bega. Nilitaka kubishana naye, Baba Yohana, lakini nilimwogopa kwa sababu huenda anasema kweli. Wale wachache ambao hawakuja kusoma wanalima maharage yao mpaka leo.

Hata hivyo nimeamua. Kesho nitampeleka, na nitakaa naye dawati moja mpaka azoee. Mwalimu amekubali. Baba yako hajui.

Leo mchana lori limepita kuelekea Rusumo. Lilipunguza mwendo karibu na shule, kisha likaendelea. Yohana alitoka migombani jasho linamtiririka, akasimama mbele yangu, akauliza, "Mama, baba alikuwa anajua kusoma sana, au kidogo?"

Nikamwambia ulikuwa unajua kidogo.

Akafikiri. "Basi," akasema, "na mimi nitajifunza, lakini nisifike hapo alipofika baba."

Popote ulipo, lala salama, nami nakungoja,

Mkeo, Mama Yohana