Vikate vya Mbwa Kwenye Hitima Yako

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mazoea tu, maana marahaba yako siisikii tena, na hilo nalo linanikasirisha. Uliondoka ghafla, unga ukiwa bado mikononi. Hukuaga, hukuusia. Ukaniachia nyumba, shamba la mpunga na mbwa wawili ambao jirani zako wote hapa Salale walikuwa wakingoja ufe wawafukuze. Nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Nianze na hitima yako. Ile ndoo nyeupe uliyokuwa ukiwekea vikate vya mbwa, wanawake waliokuja kusaidia jikoni waliiona. Wakaifungua, wakanusa boga na nazi, wakasema marehemu kaacha vitafunio, riziki haitupwi. Wakavipanga kwenye sinia na kuwapelekea wanaume barazani pamoja na kahawa. Mimi nilikuwa chumbani na shangazi zangu, naliwazwa. Nilipotoka nikamkuta Mjomba Selemani, ndugu yako wa tumbo moja, anachovya kikate kwenye kahawa na kusifu: "Dada alikuwa na mkono. Sukari tu ndiyo imepungua."

Mama, nilicheka. Tangu tukuzike sikuwa nimecheka. Nikamwambia palepale kwamba havina sukari wala chumvi kwa sababu ni vya mbwa wako, Hayawahusu na Waache. Sijutii kusema. Ulitaka ninyamaze mpaka wamalize sinia?

Walitema hadi uani. Mwalimu wa madrasa alijitahidi kuwaeleza: mchele ni safi, boga ni safi, sufuria haijaguswa na mbwa, najisi ni mate ya mbwa, si nia ya mpishi. Mmoja akamjibu, "Wewe hukula, ndiyo maana elimu imekupanda." Mjomba alikuwa amekula kuliko wote, na wote walimwona akiongeza.

Wangejua kwamba vikate vile vilianza kwa ajili yao! Mbwa walikuwa wanakula kamba wa watu walioanikwa mikekani, mpaka Hayawahusu akapigwa kasia akachechemea. Ukasema, "Mbwa mwenye chakula chake haibi cha mtu." Bwana mifugo alikwambia chumvi na vitunguu vinawadhuru. Basi ukawa unatwanga chenga za mchele, unaponda boga la kuchemsha, unatia machicha ya nazi, yai, na vichwa vya kamba vilivyokauka na kusagwa. Moto wa vifuu chini, makaa mengine juu ya kifuniko. Ukavikata kwa mdomo wa kikombe, ukavianika mpaka vinalia vikivunjwa. Mimi nilikuwa naonja ule unga wa boga na kulalamika hauna ladha. Unanijibu, "Chumvi ni ya wenye ndimi za kusema watu."

Tena ukawafundisha wasipokee kitu kwa mkono wa mtu mwingine. Mtu akiwatupia samaki, wanageuza uso. Ulisema hivyo hakuna atakayewasingizia wizi, wala atakayewatilia sumu. Ulijivunia hilo, na mimi nilijivunia wewe.

Matanga yalipoanuliwa niliwaacha mbwa uani, nikaenda kwangu Dimani, upande wa bara, kumwambia mume wangu kwamba nitakaa nyumbani kwako mpaka tuvune. Siku mbili nilizokusudia zikawa wiki tatu; nikaoka vikate hukohuko, nikafunga safari ya kurudi. Nilipofika bandarini Nyamisati kungoja boti ya Salale, nikamwona Waache amejilaza kando ya boriti zilizopangwa, mbavu nje. Alinijua. Alikuja anatambaa kwa tumbo.

Wabeba boriti walinieleza. Mzee mmoja wa Salale aliwaleta mbwa wawili wamefungwa kamba, akawaachia hapo, akageuza na chombo chake. Kwa maelezo yao nilimjua mzee huyo, ndugu yako, kabla hawajamaliza. Walikuwa wakiwatupia vichwa vya samaki na makombo ya ugali. Waache njaa ilipomzidi alikula. Mmoja wao akaniambia, "Yule mkubwa alikuwa akinusa tu, anageuza uso, anarudi ukingoni kutazama boti." Hayawahusu amekufa kwa njaa, Mama, mahali ambapo samaki wanamwagwa kwa kuoza. Vijana wale walimfukia. Mimi nilisimama pale na mfuko mzima wa vikate begani.

Nina hasira na Mjomba, na hilo utalielewa. Lakini nina hasira nawe pia. Ulimfundisha mbwa adabu ya kukutegemea wewe peke yako, kana kwamba wewe hufi. Na mimi ulinilea hivyohivyo. Kila aliyetuletea sahani ulisema anatafuta la kusimulia, nikakua sijui kupokea cha mtu. Sasa nakaa kwenye kigoda chako na chakula hakipiti.

Mpunga ulipoanza kutunga, nguruwe waliingia. Shamba letu Waache alililinda. Shamba la Mjomba, lililopakana na letu, walilivuruga upande mzima. Alikuja akasimama nje ya mlango, macho chini. "Mpwa wangu, niazime mbwa. Ule ndio wali wetu wa mwaka mzima."

Nilikuwa na maneno ya kumtosha, lakini nilichukua kikate nikampa. Nikamwambia, akila mkononi mwako nenda naye.

Alinyoosha mkono mmoja, wa pili ameshika kanzu isiguswe. Waache alinitazama mimi, kisha akageuza uso. Mjomba akaondoka. Kesho yake akarudi, na siku zilizofuata. Nilimwona anavyoogopa, na nakiri nilifurahi. Halafu asubuhi moja aliiachia kanzu, akachuchumaa mpaka magoti yakagusa mchanga, akasema, "Nisamehe." Sijui alimwambia mbwa, au mimi, au wewe. Waache akala. Kisha akamlamba kiganja chote.

Mjomba alikwenda kunawa mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Mimi ndiye niliyemmiminia maji. Usidhani nimemsamehe. Nilimmiminia kwa kuwa ni ndugu yako.

Sasa Waache analinda mashamba yote mawili, na Mjomba anakuja mwenyewe kuchukua vikate. Havionji.

Mama, fundisho lako lile nalivunja, uwe radhi usiwe radhi. Kuoka nitaoka, bila chumvi, kama ulivyotaka. Lakini Waache atakula mkononi mwa yeyote mwenye nia njema naye, na mwanangu nitakayejaaliwa nitamlea hivyohivyo. Sitamfunza kiumbe yeyote ashindwe kula siku nikifa mimi. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na ni ahadi chungu.

Mungu akupumzishe, na akupunguzie ukali wako huko uliko. Kwaheri, Mama. Jana jioni mke wa Mjomba aliniletea sahani ya wali na kamba wa nazi. Nilikuwa karibu kumfungia mlango. Nikaipokea sahani, nikakaa chini, nikala.

Mwanao,
Mwanahamisi