Tovuti Inasema Baba Amekunywa Uji

Mpendwa Shangazi Phelista, nisaidie kabla sijarukwa na akili. Mimi ni fundi wa tovuti hapa Kibomet, Kitale, na baba yangu Mzee Walubengo alipougua nilimfungulia ukurasa ili jamaa na watu wa kanisa wajue hali yake, na alipofariki nikaweka humo tangazo la kifo na picha za mazishi kwetu Matulo, kisha mke wangu Pauline akajifungua mvulana, mtoto akawa analia hovyo mpaka tulipomwita Walubengo, akanyamaza, maana sisi Wabukusu majina ya wazee waliotangulia ndiyo hutulia kwa watoto. Mwezi jana kituo kinachotuhifadhia tovuti kiliungua mitambo, kila kitu kikazimika, na kiliporudi kilirudi na nakala ya zamani, ya siku baba yuko hospitalini, kwa hiyo kifo hakipo, mazishi hayapo, ukurasa unasema tu, "Mzee amekunywa uji leo, anaendelea vizuri." Watu wameanza tena kumwandikia apone haraka, na mtu wa Bokoli nisiyemjua ameandika kwamba amemwona sokoni na kofia yake ya kahawia, na Shangazi, kofia hiyo tulimzika nayo. Mama amenipigia simu: "Kizito, si umeona baba yako amekunywa uji? Usiguse hiyo kitu, bana." Sasa kila asubuhi anapika uji na kuuweka kando ya kiti cha baba, na huku kwangu mtoto amerudia kulia akiitwa jina lake, Pauline anasema mzee mwenye jina amelichukua tena, nami ninaogopa, najikuta naufungua ukurasa huo kabla hata ya kunawa uso. Je, niurekebishe, nimuue baba mara ya pili?

Kizito, Kibomet

Kizito, pole sana. Sasa nikuseme.

Wewe ni fundi. Kuandika tangazo ni kazi ya muda wa chai kupoa, na mwezi mzima hujaligusa. Umenieleza uji wa mama na kilio cha mtoto. Machozi yako mwenyewe sijayaona popote. Usimsingizie mama. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe unaficha kilio chenyewe! Tena fundi gani anaacha tangazo la msiba wa babake kwenye mitambo ya watu bila kubaki na nakala?

Huyo wa Bokoli alimwona nani, mwulize yeye. Lakini kaburi mlilifukia kwa mikono yenu.

Jumamosi hii beba mtoto, nenda Matulo na Pauline. Ule uji, kaa na mama muunywe, usiachwe upoe. Kisha nendeni kaburini, mama amwite mjukuu jina lake mbele ya mwenye jina, nawe ukilia, lia. Mkirudi nyumbani, mama akutajie maneno ya tangazo, wewe uandike.

Habari ya uji usiifute. Siku ile kweli alikunywa.