Dakika Niliyomwombea Neema

Saint Paul, Marekani, Jumanne, Novemba 1995

Mechi moja tu ndiyo imezidi. Wakubwa wa michezo ya vyuo wamemkatalia binti yangu Neema mwaka mwingine wa kucheza, badala ya huu ulioliwa na goti. Eti kabla ya kuumia alishaingia uwanjani mara nyingi mno, na hata dakika moja huhesabiwa mechi nzima.

Dakika hiyo niliiomba mimi. Nilimfuata kocha na kamera ya video begani: mwingize kidogo tu, bibi yake aliye Moshi amwone kwenye kanda.

Leo nimemwambia mwanangu ukweli. Akacheka huku machozi yanamtoka. “Sasa mama, si ungeomba hata mbili!”

Nimeirudia kanda. Mpira hakuugusa. Lakini alivyokimbia! Vilevile alivyokuwa akikimbiza chungwa uani kwetu, na hakuna aliyemfikia.