Zamu ya Nyumba Yetu

Jankokala, mwezi wa kupanda viazi

Kaka yangu mpenzi Nicanor,

Salamu nyingi zikufikie huko Buenos Aires, wewe na cherehani zako, na mgongo wako uliosema unakusumbua ukikaa sana. Natumai unakula vizuri, si yale makaroni ya kila siku. Mimi sijambo. Jua limenichuna pua na mashavu, lakini sijambo. Shangazi Dominga naye ni mzima pale El Alto, anauliza utaoa tena lini, nami nimemwambia akuulize mwenyewe.

Najua utashangaa kupata barua. Siku hizi nani anaandika barua? Lakini kaka, kila nikitaja Jankokala kwenye simu, mtandao wako hukatika papo hapo, na ukipiga tena unaniletea habari za mpira. Barua haikatiki. Na ninavyokujua, ukishasoma mwanzo wa jambo huwezi kulala bila kujua mwisho wake. Basi zima cherehani, kaa chini, usome.

Nilikuwa na safari ya wageni, ile ndefu, ya kuanzia kwenye uwanda wa chumvi mpaka kule chini kwenye joto na mito. Msimu ulikuwa unaisha, kwa hiyo wageni walikuwa wawili tu. Mmoja ni Bibi Hortensia, mwalimu mstaafu wa jiografia kutoka Rosario, makamo ya shangazi Dominga, miguu myembamba lakini anakanyaga pedeli toka asubuhi hadi jioni bila kulalamika. Mwingine ni Mbrazili anaitwa Juvenal, muuza friji, ambaye kabla hata hatujapanda baiskeli alikuwa ameshatueleza milima yote aliyowahi kuishinda. Nyuma yetu alikuja mzee Macario na pikapu yake ileile unayoijua, amebeba tairi za akiba, maji na sufuria ya supu.

Kwenye chumvi Juvenal alikiona kile kisiwa chenye dungusi, akasema anatangulia, atatungoja huko anywe kahawa. Akapiga pedeli, akapiga, na kisiwa kiko palepale. Mzee Macario akampita na gari, akatoa kichwa dirishani: "Kazana mwanangu, kisiwa kinakungoja, hakina pa kwenda!" Mimi nilicheka hadi nikasimama. Bibi Hortensia hakucheka, alikuwa amepiga magoti anatazama chini. Aliniuliza kwa nini chumvi imejigawa vipande vipande, kila kimoja na ukingo wake. Kaka, nimepita pale miaka yote hii na sijawahi kujiuliza.

Ndivyo alivyo yule bibi. Tulipopanda nyanda za juu, upepo unatupiga usoni na nafaka ya kwinoa ndiyo kwanza inachipua pande zote, yeye anauliza tu. Kwa nini lama wana utepe masikioni? Kwa nini milango yote inatazama jua linakotoka? Nilimjibu nilichokijua, na nisichokijua nikamsukumia mzee Macario, ambaye anadanganya bila haya. Alimwambia lama mwenye utepe mwekundu ameolewa na mwenye wa kijani bado. Bibi akaitikia kwa adabu, kisha akashuka kwenye baiskeli akaenda kumuuliza mchungaji. Akarudi na jibu la kweli, kwamba utepe ni alama ya mwenye mnyama, akamtazama Macario hivi. Tangu hapo mzee akawa anamwogopa.

Sasa sikiliza. Tulipokaribia milima tukakuta watu wenye sepetu wanarudisha magari. Mvua ya kwanza ilikuwa imeangusha upande mzima wa mlima juu ya barabara yetu ya kila siku. Njia nyingine ya kufika juu ni moja tu, na wewe unajua inapita wapi. Nilimgeukia mzee Macario. Akahamisha tonge lake la majani ya koka shavu hili akalipeleka shavu lile, akasema, "Usiniangalie mimi, mimi dereva tu."

Kaka, wewe uliapa mbele ya kaburi la baba kwamba hutakanyaga tena Jankokala. Mimi sikuapa kitu. Nilikufuata tu, kama nilivyozoea kukufuata kwa kila jambo. Nimewatembeza wageni nchi nzima, na kila mara nikazunguka mlima wetu wenyewe kama mtu anayemkwepa mdai wake sokoni. Siku ile sikuwa na pa kuzungukia.

Kijiji ni kilekile. Mbwa ni wale wale, au watoto wao. Uwanja wa mpira bado umeinama, na mpira bado unatumbukia bondeni. Akina mama waliokuwa bombani walizitazama baiskeli kwanza, mimi baadaye. Kisha Mama Saturnina, jirani yetu, ambaye meno yamekwisha lakini ulimi uko timamu, akanikamata kidevu. "We mtoto wa Fulgencio we! Pua hiyo utaificha na kofia gani?" Akanigeuza nyuma na mbele, akaitazama suruali yangu ya kuendeshea baiskeli. "Huko mjini hakuna chakula, au hakuna vitambaa?"

Akatuingiza ndani sote, akatupa supu ya chuño, vile viazi vyetu vya kukaushwa kwa baridi, na nyama kavu. Mimi nilikuwa nimeinamia bakuli langu, sitaki kutazama popote. Lakini macho ya Bibi Hortensia hayatulii. Aliona ukutani poncho nyekundu yenye mistari myeusi, imekunjwa vizuri na kufunikwa nailoni, akataka nimuulizie ni ya nani. Nami nikatafsiri tu, bila kufikiri.

Mama Saturnina akaweka kijiko chini. Akasema ni ya baba yetu.

Zamu unaikumbuka. Kila mwaka nyumba moja inaongoza kijiji, na wanaongoza wawili, mwanamume na mwanamke, wa kiume na poncho na mjeledi wake begani, wa kike na shali yake. Wanaamua ugomvi, wanagawa maji, wanalinda mipaka. Na unakumbuka zamu ilipofika kwetu mama alikuwa ndiyo kwanza amezikwa, mkutano ukasema mtu mmoja ni nusu, zamu ikaruka mlango wetu ikaenda kwa jirani. Hilo ninalijua, ndilo lililokufanya uape. Nilichokuwa sijui ni kwamba mama alikuwa ameshamfumia baba poncho ya zamu ile, aliimaliza akiwa kitandani. Baba hakuweza kuitazama na hakuweza kuiuza, akampa Saturnina amwekee. Kumbe ndiyo maana tangu siku ile alikuwa anakaa nyuma kabisa kwenye mikutano, hasemi neno. Mimi nilidhani ni uzee. Nililia pale pale mbele ya wageni, sikujali.

Bibi Hortensia alinishika mkono, akaningoja ninyamaze. Halafu, Mungu ambariki kwa udadisi wake, akauliza swali moja zaidi. Kama zamu inazunguka, basi itarudi lini?

Mama Saturnina akataja nyumba kwa vidole, moja baada ya nyingine, akafika kwetu. Mwaka mpya huu unaokuja. Akasema mkutano wa kuamua ni alasiri ile ile, na wengi wameshaafikiana: nyumba imefungwa, wenyewe hawapo, iruke tena. Na nyumba ikirukwa mara ya pili haihesabiwi tena. Shamba la viazi linarudi kwa kijiji, na mlango unazibwa kwa mawe. Mlango wetu, kaka. Akanitolea macho. "Ulikuwa unangoja nini, mwanangu? Kadi ya mwaliko?"

Basi nikaenda na viatu vyangu vya baiskeli, natembea kwa kelele kama mbuzi juu ya bati. Wanaume upande mmoja wa uwanja, wanawake upande wa pili, koka inapitishwa. Kiongozi wa mwaka huu unamjua, ni Zenobio, yule uliyemsukuma mtaroni mkiwa shule. Alisema kwa upole tu kwamba nyumba ya Fulgencio ina msichana mmoja asiye na mume anayekimbia na baiskeli, na mwanamume mmoja aliyekwenda zake. Jamaa mmoja akapaza sauti kwamba si jambo gumu, niolewe hapo hapo, kuna mjane mwenye ng'ombe. Watu wakaangua kicheko. Kaka, hasira zilinipanda, nikaenda kusimama katikati ya uwanja.

Nikawauliza, sheria inasema mume na mke, au inasema mwanamume na mwanamke? Kisha wazee wakaanza kubishana wao kwa wao. Mama Saturnina akasimama, akawaambia mtu yeyote aliyewahi kusikia neno ndoa kwenye sheria ya zamu ajitokeze, maana bibi yake mzaa mama aliongoza na mwanawe wa kiume na mvua ilinyesha vizuri tu mwaka ule. Hakuna aliyejitokeza. Wakabishana hadi kivuli cha mlima kikafika golini. Mwisho wakakubali: mwanamume na mwanamke wa nyumba moja, hata wakiwa ndugu, inatosha. Ila wote wawili wasimame mlangoni jua linapochomoza siku ya mwaka mpya, kwa miguu yao. Habari ya simu hawataki kuisikia. Zenobio akanigeukia, akaniuliza ndiyo au hapana, pale pale.

Nikajibu. Nilichojibu nitakwambia, lakini subiri kwanza niwashushe wageni wangu, maana mteremko ndio uliofuata.

Kesho yake tulifika juu kabisa, kwenye lile rundo la mawe. Kila mtu akaweka jiwe lake, nikamwaga pombe kidogo ardhini na kidogo kwenye gurudumu la mbele la kila baiskeli, kama ulivyonifundisha. Juvenal alichungulia bonde likimezwa na ukungu, na ile milima yote aliyoishinda sikuisikia tena. Akashuka amebana breki hadi zikatoa harufu. Mzee Macario nyuma yake anapiga honi taratibu, anamwambia asiogope, hata konokono wamefika. Bibi Hortensia alishuka anaimba. Baridi ikaisha, tukaingia kwenye majani mabichi yaliyolowa na maji yanayodondokea barabarani, kisha michungwa, mibuni, matuta ya koka, na jasho. Tukaanza kuvua nguo moja moja.

Kila tuliposimama bibi aliniuliza nilijibu nini, maana mkutano ulikuwa kwa Kiaymara na hakuambulia kitu. Nikawa namwambia ngoja. Hata mimi nilikuwa nangoja, sijui nini. Nilikuwa naongoza mteremko ninaoujua hata nikiwa nimefumba macho, na akili yangu yote iko kwenye mlango mmoja kule juu. Tulipofika chini, mtoni, tunakula samaki wa kukaanga na ndizi, ndipo nilipomwambia. Akajifuta vidole vya mafuta, kimoja kimoja. Halafu akauliza: "Na kaka yako anajua?"

Hajui, ndiyo anaanza kujua sasa hivi.

Kaka Nicanor, nilisema ndiyo. Nilisema ndiyo yangu na ndiyo yako. Na si hivyo tu. Walipoonekana kusita, niliwaambia kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyenituma, kwamba umetuma salamu na unaomba zamu ya baba. Nilidanganya mbele ya kijiji kizima, macho makavu. Zenobio alitikisa kichwa polepole akasema, "Nicanor? Basi amekua." Hakuna aliyecheka.

Nimeshamwambia bosi atafute mtu mwingine wa kuongoza wageni mwaka ujao. Nimerudi Jankokala, nalala kwa Mama Saturnina, mchana nafagia nyumba yetu. Poncho nilimvalisha mzee Macario nione, ikampwaya mabegani. Ni ya mtu wa kimo cha baba, na unajua nani mwingine ana kimo cha baba.

Kasirika ukitaka, una haki. Lakini sitajifanya, nataka uje. Nimekukumbuka kaka, nimechoka kuwa nusu. Na usipokuja, nitasimama pale jua likichomoza, poncho ya baba mkononi, mlango wazi nyuma yangu. Wakitaka kuturuka, waruke wakinitazama usoni. Mara ya kwanza walituruka tukiwa ndani tumejifungia.

Jambo la mwisho. Kazi ya kwanza ya siku ile ni wawili hao kuzunguka mipaka yote ya kijiji kabla jua halijazama. Niliwauliza kama inaruhusiwa kwa baiskeli. Walicheka, kisha mzee mmoja akasema sheria haijawahi kuikataza. Baiskeli yako niliikuta darini chini ya nyasi, kuku wanatagia juu yake. Ile ile uliyonifundishia, unakimbia pembeni yangu unapiga kelele nisiangalie chini, kwa sababu haikuwa na kitu cha kuisimamisha isipokuwa wewe. Nimeibadilisha tairi na mnyororo. Nimeifunga breki, ya mbele na ya nyuma.

Mzee Macario ndiye anayeipeleka barua hii kwenye basi, anakusalimu sana na anasema mjini huko mnakunywa chai ya majani mabichi hamna haya. Mama Saturnina anakusalimu, anasema uje na meno yako yote. Zenobio hakusema salamu, lakini aliniuliza kama bado unapenda supu ya karanga. Msalimie kila anayekutendea wema huko ugenini, na usishonee gizani, unaharibu macho.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja mlangoni,

Casilda